Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mume wangu alikivunja kisu changu cha kukatia sukuma wiki akifungua kopo la rangi. Bisibisi ilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Haki ya Mungu, mwanamume akishaamua kisu ni bisibisi, usijisumbue kubishana naye.

Na hicho hakikuwa kisu cha kuchezewa. Kila jioni nauza mboga nje ya geti la ploti yetu hapa mtaani Umoja, na wateja wakitoka kazini hawataki majani mazima. Wanataka sukuma iliyokatwa nyembamba, wafike waitupe tu kwa sufuria. Ukiwakatia vipande vinene, kesho utawaona kwa kibanda cha ng'ambo, na watakusalimia vizuri kabisa. Mimi hukata kwa mkono wa kushoto, na kwa kunolewa upande mmoja miaka mingi, kisu kile kilikuwa kimezoea kunitii mimi peke yangu. Jirani akikiazima, alikirudisha akinung'unika.

"Nitanunua kingine," nikasema.

"Ununue na mimi niko? Mama watoto, leo utaona ufundi."

Wee! Jumamosi nzima ikaenda. Akaazima tupa, akaketi getini kando ya mboga zangu, akaikwangua ile ncha iliyovunjika mpaka meno yakaniuma. Maji nimletee mimi. Chai pia mimi. Akajikata kidole, akaniangalia nimwonee huruma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nikampa kitambaa. Na wapita njia, badala ya kununua nyanya, wanasimama kumpa mashauri!

Lakini niseme ukweli, ncha ilitokea. Kisu kilikuwa kifupi kuliko zamani, ila kilikaa vizuri mkononi, nami nikaanza kulainika. Kisha akakigeuza, akaanza kutia makali.

"Baba watoto, huo si upande wake."

"Visu vyote hunolewa upande huu. Wewe uza nyanya."

Jioni ilipofika akanikabidhi, meno yote nje. Mteja wa kwanza alikuwa ameshasimama. Nikakunja sukuma, nikakata. Kisu kikakimbia pembeni, kikatoa vipande vya kulisha ng'ombe. Mteja akavitazama, akasema atarudi. Akavuka barabara.

"Si ushike na mkono wa kulia?" mume wangu akasema.

"Mimi ni wa kushoto."

Akacheka. Alipoona sicheki, akauliza, "Tangu lini?"

Tangu lini! Kifungua mimba wetu anamaliza sekondari! Ni kweli siku za kazi yeye hurudi nimeshafunga biashara. Ni kweli mezani nakula kwa mkono wa kulia, maana mama yangu aliuchapa ule mwingine mpaka ukaacha kugusa ugali. Jikoni hakuna aliyenichapa. Lakini jikoni kwangu huyu bwana huingia kutafuta nini, zaidi ya kisu cha kufungulia rangi?

"Sikujua," akasema.

"Najua hukujua. Hiyo ndiyo inaniuma."

Nilidhani atainuka aende zake. Badala yake aliusogeza mtungi mtupu wa plastiki, akauketia karibu yangu, tupa bado mkononi.

"Kata tena," akasema. "Polepole, nione."