Suti ya Saa Ishirini na Nne

Wakazi wa Gisimenti hapa Kigali, wake kwa waume, wanywaji na wauzaji, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Mzee Usumani, fundi cherehani, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bujumbura na alirudi akiilalamikia, amekanyaga ardhi ya Bangkok, mji mkuu wa Thailand, na amerejea salama. Simameni. Haya, kaeni.

Hakwenda kutalii. Alipelekwa na hasira.

Hasira yenyewe aliiwasha Fortunatus, Mtanzania wa ofisi ya bima, mwenye tai fupi na ulimi mrefu. Alileta kitambaa cha suti mwezi wa pili. Akaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa hiyo umeme ukakatika. Ijumaa ya pili cherehani ikakwama. Ya tatu akafariki shangazi yake Usumani. Ya tano akafariki tena, na ya saba tena. Marehemu huyo amekwisha kuzikwa mara tatu pale dukani, na wateja kwa adabu zao bado wanatoa pole.

"Mzee wangu," Fortunatus akasema akiwa kizingitini, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "mwenzangu kazini kashonewa suti Bangkok kwa saa ishirini na nne. Siku moja! Wewe hata mkono mmoja hujakata."

"Kwa siku moja linashonwa gunia."

"Suti, mzee. Na kizibao chake."

Épiphanie, muuza chai wa mlango wa pili, akacheka mpaka akamwaga maziwa. "Yewe! Siku moja? Mzee, wewe hata kifungo iko unashona wiki mbili!"

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Usumani alipanda juu ya kiti, akakipiga kofi kibao kilichoning'inia juu ya mlango wake. Alikirithi kwa baba yake, naye kwa babu yake aliyekuja kutoka pwani na cherehani ya mkono. Kiliandikwa: FUNDI WA KWELI. AHADI NI DENI.

"Wallahi," alinguruma, "kama kuna kiumbe anayeshona suti kwa siku moja, nakishusha kibao hiki kwa mkono wangu!"

Mtaa mzima ulisikia. Kiapo hakina tundu la kifungo, hakifunguki.

Mpwa wake Kaze, anayefuata nguo Bangkok kila baada ya miezi mitatu na kuziuza mjini, akamwambia, "Mjomba, twende wote. Utanichagulia vitambaa, na hilo lako ulimalize, tupumzike."

Huko kila alichokiona kilimuudhi. Joto lilimkumbatia kama mkwe mlevi. Alisimama kwenye kivuko cha pundamilia akingoja magari yasimame, kama yanavyosimama kwao, na alingoja mpaka Kaze akamshika mkono kumvusha. Mwanamke mmoja alimuuzia ndizi mbili ndani ya mfuko wa plastiki, uliotiwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, na Usumani akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyekabidhiwa bangi, maana kwao Rwanda mfuko huo ni marufuku.

Siku ya pili, saa kumi jioni, aliingia kwa fundi. Mtu mwembamba, futi ya kupimia shingoni, tabasamu mpaka masikioni. Usumani akampa mtihani wa kikatili: vipande vitatu, bitana mpaka mikononi, kola ya kushonwa kwa mkono, na mfuko wa siri wa kuwekea tasbihi.

"Kesho saa kumi," fundi akasema.

Usumani nusura ambusu. Aliijua kauli hiyo. Aliizaa yeye!

Kesho yake alitoka hotelini saa tisa. Kaze alikuwa sokoni. Akaita pikipiki, dereva akafika na helmeti moja tu, ya kwake.

"Yangu iko wapi?"

Dereva akapigapiga kiti cha nyuma, panda tu.

"Uniue? Nipigwe faini na kufa juu?" Akamfukuza. Wa pili naye vilevile. Wa tatu Usumani akamkaripia kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa cha shule ya msingi, na dereva akaondoka akiwa hajaelewa ila ametukanika. Usumani akaamua kutembea. Akapotea. Mvua ikamnyeshea, ikaacha, ikamrudia kana kwamba ilisahau kitu.

Alifika saa kumi na mbili. Fundi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, hatabasamu tena. Alinyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani. Suti ilikuwa imetundikwa tangu saa kumi kasorobo.

Na hapo, kwa Kiingereza cha kuokoteza, mdomo wa Usumani ukafunguka wenyewe: "Samahani sana. Shangazi yangu amefariki."

Fundi akakutanisha viganja, akainamisha kichwa, akampa pole. Usumani angefurahi zaidi kupigwa kiatu.

Suti ilimkaa kama ngozi. Nyuma ya pazia aliona watu tisa: mmoja akikata, mwingine mikono tu, mwingine matundu ya vifungo tu, hakuna redio wala hadithi. Hotelini akaifumua bitana kwa wembe akitafuta gundi. Hakuna gundi. Mshono wa mkono, mdogo, ulionyooka, kama aliokuwa akishona baba yake. Akaitupa sakafuni, akaitukana, akaiokota, akaikunja vizuri.

Jumatatu Gisimenti ilijaa mlangoni kwake. Épiphanie aliacha chai ikafurika. Kaze aliegemea ukuta, amefumba mdomo kwa kiganja. Usumani alikaa nyuma ya cherehani, uso umevimba kwa ghadhabu, mguu mmoja juu ya sanduku lililofichwa chini ya meza. Ndani ya sanduku, suti. Juu ya mlango, kibao.

Fortunatus akajipenyeza mbele. Alikuwa amekuja na bisibisi.

"Mzee wangu, karibu nyumbani. Sasa tuambie mbele ya mashahidi: wanashona kwa siku moja, au hawashoni?"

Usumani akavaa futi yake shingoni, akapitisha uzi kwenye sindano, taratibu, bila kuinua macho.

"Njoo Ijumaa."