Sinema Isiyotaka Akili

Shemeji yangu ni fundi wa lifti, na ugonjwa wake ni mmoja tu: hawezi kuona uongo akanyamaza. Sisi tunaomfahamu tumeshazoea. Wageni ndio hupata tabu, hasa wakikaa naye kwenye ukumbi wa sinema.

Mke wake, ambaye ni dada yangu, ni nesi wa zamu ya usiku, na mpenzi wa zile filamu za kamanda anayeruka angani bila mabawa. Kila sehemu mpya ikitoka, tunakwenda sote watatu. Sasa, waandishi wa filamu hizo sijui walikosewa nini na lifti, maana hakuna sehemu isiyo na lifti inayokatika kamba ikaporomoka, kamanda akaidaka kwa mkono mmoja. Hapo ndipo shemeji husimama.

"Uongo! Lifti ina kamba kibao, na hata zikikatika zote kuna breki inauma reli! Inasimama yenyewe!"

Ukumbi mzima humgeukia. Mimi hujifanya simjui.

Nyumbani mabishano huhamia mezani. Shemeji hushikilia kwamba watu wenye fedha za kubomoa miji mizima kwenye filamu hawakosi za kununua akili kidogo. Dada humjibu kwamba akili anazitumia wodini usiku kucha, hataki kuongezewa nyingine.

"Baba Mapacha, akili ni nywele, kila mtu ana zake," humwambia. Shemeji ana upara, kwa hiyo methali hiyo humchoma mara mbili.

Sehemu ya nane ilipotoka, dada alimwekea sharti. "Safari hii ukifungua mdomo, ndiyo mwisho wako. Nitakuwa nakwenda na mdogo wangu tu." Alisema kwa ile sauti ya kinesi, isiyorudiwa. Nikamwona shemeji akinywea. Yeye hufanya kazi mchana, dada usiku. Hukutana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Zile saa za sinema ndizo pekee anazokaa na mkewe bega kwa bega. Nilimhurumia, ingawa nilianza kwa kucheka.

Basi tukaenda, mchana, shemeji akiwa ameomba ruhusa kazini. Shemeji alikaa katikati yetu na pakiti ya karanga. Lifti ya kwanza ikaanguka, akauma midomo. Ya pili ikapaa kwanza ndipo ikaanguka, sijui kwa nini. Mishipa ya shingo ilimtoka, lakini hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikajiandaa kwa mshindo.

Akamgeukia dada, nadhani apongezwe. Kisha akanigeukia mimi, macho yamemtoka.

"Shemeji," akaninong'oneza, "amelala."

"Ndiyo, tangu kwenye matangazo."

"Na zile sehemu nyingine?"

"Alilala zote. Ila pale ulipokuwa ukimwamsha kwa kelele zako."

Ikabidi nimweleze. Nyumbani dada hapati usingizi mchana: mapacha wanagombana, simu inalia, majirani wanagonga mlango, huyu na jipu lake, yule na mtoto mwenye homa, kila mmoja "Sista, dakika moja tu." Humu ndani simu huzimwa, kuna giza na ubaridi, na hakuna wa kumwita. Siku moja nilimpeleka kwenye filamu yenye akili. Ikamnasa, akaitazama hadi mwisho, akaenda zamu macho mekundu kama pilipili. Tangu hapo hataki kuzisikia.

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemwambia akalale nyumbani."

Akajikuna upara, kwa sababu ndivyo hasa angesema.

Mara kamanda akalipua daraja. Shemeji akanirushia karanga zake, akamwegemeza dada begani, akamziba sikio la juu kwa kiganja chake kigumu cha kushika spana. Mabomu yakalia, ghorofa zikaanguka, lifti ya tatu nayo ikaja. Hata hakuitazama. Alikuwa anamtazama dada, na nilimwonea dada wivu, nasema kweli.

Taa zikawaka. Dada akajinyoosha, akapiga mwayo.

"Tamu kweli," akasema bila haya. "Wewe umeionaje, Baba Mapacha? Na usianze."

Shemeji alikuwa anaukunjua mkono uliokufa ganzi.

"Fupi mno," akasema. "Sehemu ya tisa waongeze hata saa nzima."