Tiki Kwenye Maelezo

Hospitalini walimwita Bi Flashi, naye aliitika bila kinyongo, maana jina alilopewa na babake lilikuwa refu mno, halikuenea hata kwenye kadi.

Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wafanyakazi na kuwatengenezea kadi za kuvaa shingoni. Alikaa kwenye kichumba kilichokuwa stoo zamani: meza, kompyuta, kioo cha watu kujitazama, na shuka jeupe ukutani la kupigia picha. Alikuwa kibarua. Ajira ya kudumu ilikuwa mkononi mwa Matroni, ambaye alishasema kadi mpya zikitoka safi atasaini, zikitoka ovyo mtu ashike njia yake.

Sasa, kupiga picha watu wazima ni kazi ya kutia wazimu. Huyu anafumba macho, yule anakaza shingo kama anasubiri sindano. Kwenye kompyuta, chini ya jina, kazi na wodi ya kila mtu, kulikuwa na nafasi iitwayo Maelezo, na humo Bi Flashi alijiandikia namna ya kumpata mtu huyo vizuri safari nyingine. Mlinzi wa getini: "Avute pumzi kwanza, tumbo liingie." Mfamasia: "Usimchekeshe, ana pengo." Maneno ya kazi hayo, si umbea. Umbea alikuwa nao, ila huo hakuuandika.

Siku ya kuchapa, wifi yake, dobi wa hospitali hiyohiyo, alikuja kumharakisha. Kompyuta hiyo, kabla ya kuhamishia habari za watu kwenye kadi, huuliza zipi zitoke na zipi zibaki ndani, na kila moja ina kisanduku chake cha kutia tiki. Wifi akamwambia anaibembeleza mashine kama mtoto mchanga. Bi Flashi akapandwa na hasira, akabonyeza Zote.

Kadi zikatoka zinang'aa. Hakuna aliyezisoma. Wifi akazitia kwenye kikapu cha mashuka, akaenda kuzigawa.

Kicheko kilianzia wodi ya watoto kikashuka ngazi hadi getini, ambako kila anayepita alimwamuru mlinzi avute pumzi. Mfamasia alikuwa akionyesha pengo lake kwa hiari, hata kwa wasiouliza. Aliyenuna ni dobi peke yake. Alirudi kichumbani ameshika kadi yake, iliyoandikwa: "Anapendeza akinyamaza."

"Kwa hiyo mimi napendeza nikinyamaza?"

"Nilikisia tu, wifi. Sijawahi kuona."

Dobi akamwambia acheke vizuri, kwa sababu Matroni naye ameshasoma yake na yuko njiani. Bi Flashi akakumbuka alichomwandikia.

Matroni aliingia, hakuketi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Mkasirishe kidogo, macho yanawaka vizuri." Akauliza ni nani aliyeandika.

"Ni mimi, mama."

Bi Flashi akaeleza habari ya tiki, kwamba maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, ya kumsaidia kazini, na kadi zote atazirudia leo hii. Matroni aligeukia kioo cha ukutani, akajikunjia uso, akajitazama upande huu na upande ule.

"Kumbe kweli," akasema.

Dobi akazuia kicheko kwa kukohoa. Matroni akaamuru kadi zichapwe upya: jina, kazi, wodi na picha, basi, maana mgonjwa hana haja na pengo la mfamasia. Zile za kwanza, anayetaka abaki nayo. Yake alishaitia mfukoni.

"Na kwako umeandika nini?"

Hakuandika kitu. Nafasi ilikuwa tupu.

"Fungua, andika. Mtundu, ila ana jicho la kuona watu." Akangoja vidole vimalize. "Ongeza: abaki."

Hapo vidole vikagoma. Wifi ndiye aliyesogea, akabonyeza herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza akiwa kimya kabisa.

Matroni alipotoka, Bi Flashi akaondoa tiki kwenye Maelezo ya watu wote. Kisha akachapa kadi yake peke yake, tiki akaiacha.