Mwizi wa Paa Lake Mwenyewe

Jamani, nitawaambia, lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo nikipita sokoni wale mama wauza mikate hupiga makofi na kuitana, "Muangalie, mwizi anapita!", na mimi huvua kofia nikawasalimu, nifanyeje, kweli niliiba, tena niliiba paa langu mwenyewe.

Mimi ni rabi. Kwa Wayahudi wa Kisangani mimi ndiye kama imamu kwa Waislamu au padri kwa Wakatoliki: nasalisha, nafundisha watoto, nachinja kuku, napatanisha wenye maduka waliogombana (hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote). Nilizaliwa Katanga, dukani kwa baba, na Kiswahili nilikiokota nikiwa bado natambaa chini ya meza ya vitambaa. Uhuru ulipokuja waumini wangu wengi walipanda ndege wakaenda zao, na waasi walipoushika mji zilibaki familia chache tu, nazo zinaogopa hata kufungua dirisha. Mwaka ule mke wangu Rebeka aliniambia, tafadhali, tusijenge kibanda. Nikasema tutajenga, tena mbele ya nyumba, kando ya barabara, watu wangu wajue rabi wao bado yupo. Kichwa kigumu, lakini ndicho nilichopewa.

Kibanda ni cha sikukuu yetu. Tunakula ndani yake siku saba, kuwakumbuka wazee wetu waliolala vibandani jangwani walipotoka Misri. Sharti lake ni paa: liwe la majani, tena liwe na matundu, mtu akiinua macho usiku aone nyota, na mvua ikinyesha ipite. Paa likizuia mvua, hicho si kibanda tena, ni nyumba, na sikukuu imeharibika.

Basi nimemaliza kuezeka kwa mangongo, yale majani mapana ya kufungia chikwange, mkate wetu wa muhogo, nashuka ngazi, nakutana uso kwa uso na jirani yangu Mama Aziza amebeba beseni la mikate ya moto.

"Papa Rabi," akasema, akiangalia juu, "hii paa iko na matundu. Mvua itakupiga. Juu ya nini unaacha vile?"

Jua lilikuwa kali, koo limenikauka, nikafikiria nianze na Farao, nivuke bahari, nizunguke jangwani ile miaka yote, huku mikate ya watu inapoa, nikaona shida ya nini, nikajibu tu: "Majani yalikwisha, Mama."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kesho yake nikakuta paa limefungwa kabisa, huoni hata tundu la sindano. Majirani walikuwa wamekwenda porini kunikatia majani, siku zile ambapo kila njia ilikuwa na kizuizi cha waasi na kila kizuizi kina kijana mwenye bunduki! Ningewaambiaje kwamba wameniharibia? Nikawashukuru kwa mikono miwili, wakaenda zao wamefurahi, nami alfajiri iliyofuata nikapanda kimyakimya, nikachomoa majani, nikayatupa kwenye mfereji wa nyuma, mbuzi wakamaliza ushahidi. Mchana Mama Aziza akaona matundu yamerudi. Akashika kiuno. Jioni paa likazibwa tena. Alfajiri nikachomoa tena. (Rebeka alinitazama dirishani kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka.)

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu nimekaa ndani na kitabu changu, nasikia kelele barabarani: "Mwizi! Mwizi wa majani!" Nikatoka mbio. Papa Likoke, mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, amefungwa kamba mikono, na miguuni pake kuna mzigo wa mangongo. Mke wake anapika chikwange, sasa ulitaka afungie kwa nini, magazeti? Lakini watu walikwisha kuamini kuna mwizi anayechomoa majani ya Papa Rabi, wamekesha roho juu wakimtafuta njiani, na huyu ndiye aliyepita na majani. Waasi walikwisha kutangaza mji mzima kwamba mwizi ni risasi, tena sokoni, mbele ya watu. Na komanda wao wa mtaa alikuwa amefika, kijana mwembamba, amevaa ngozi ya chui kichwani.

"Alors," akasema, "mwizi tulishapata. Tumupeleke sokoni."

Papa Likoke alikuwa analia bila sauti. Nikapiga kelele, "Mwacheni! Mwizi ni mimi!"

Mama Aziza akaanza kujifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mulisikia?" akasema. "Ile njo mutu ya Mungu. Anataka kufa pa nafasi ya mwizi."

"Hapana, Mama, ni mimi kweli!"

"Roho yake iko muzuri sana," akasema mwingine, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kadiri nilivyokiri ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu. Miaka yote hiyo nimetafuta sifa njema mjini, ikaja siku moja niliyohitaji watu wanione mshenzi, wakakataa!

Komanda akanikaribia. "Weye muzungu, unaiba paa yako weye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mutu haibi paa yake. Bon, onyesha."

Nikaleta ngazi. Nikapanda, na kofia yangu nyeusi, na koti langu la sikukuu, mtaa mzima umeinua shingo, nikachomoa jani la kwanza, la pili, nikawatupia chini nikisema, "Hivi! Na hivi! Kila alfajiri!", na kwa kutaka waniamini nikajinyoosha mpaka katikati. Miti ya kibanda haikujengwa kubeba rabi. Ikasema *kraa*, nikapitia paa, nikaangukia meza ambayo Rebeka alikuwa ameitandika kwa ajili ya jioni, nikakaa barabara ndani ya sufuria la samaki.

Komanda akaingia, akaniangalia, akaangalia tundu kubwa juu yangu.

"Sasa hii tundu ni ya nini?"

"Ya kuonea nyota," nikasema, mchuzi unanitiririka masikioni. "Dini yetu inataka."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Niliona itakuwa hadithi ndefu."

Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka ngozi ya chui ikamfunika macho, na watu wote wakaangua kicheko, wengine wamelala chini kabisa. Papa Likoke akafunguliwa kamba. Mama Aziza peke yake hakucheka. Alikuja, akanitoa mwiba wa samaki kwenye ndevu, akasema, "Papa, ungenieleza tu siku ile, mikate ingepoa tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kuanguka.

Jioni ile, baada ya majirani wale wale kunisimamishia kibanda upya, na matundu yake, nilimwalika Papa Likoke tule chini ya nyota. Nyota haikuonekana hata moja. Mvua ya Kisangani ilishuka kama imemwagwa kwa ndoo, mila yetu inaturuhusu kukimbilia ndani, lakini yeye hakuinuka, mimi ningeinukaje? Alama za kamba bado zilikuwa mikononi mwake. Akaangalia juu, maji yakimwingia machoni, akaangalia sahani yake iliyojaa maji, kisha akaniangalia mimi.

"Papa Rabi," akasema taratibu, "juu ya hii tundu njo balikuwa banataka kuniua?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwomba radhi, nikavuta kiti karibu, nikaanza kumweleza tangu Misri. Na niliapa palepale, mtu akiniuliza tena kitu nitamweleza chote, hata kama mikate yake itapoa, hata kama itaota ukungu.