Thelathini na Sita kwenye Kona ya Bibi

Juzi kwenye kiwanja changu cha mbao hapa Mbeya, vijana walishusha magogo wakayapanga: nane chini, saba juu yake, sita, hivyo hivyo mpaka moja kileleni. Wakaanza kuhesabu. Nikawaambia wasijisumbue, ni thelathini na sita. Kisha nikaenda kukaa. Magoti hayanisikilizi siku hizi, na namba hiyo ikinijia inanichosha kama nimepanda mlima.

Shule niliishia darasa la pili, ndugu yangu, na nyumba zangu nimezijenga kwa mikono hii. Lakini thelathini na sita naijua. Alinifundisha bibi, kwenye milima ya huko Mgololo, asubuhi za ukungu, moshi wa kuni mbichi machoni na kiazi cha kuchoma kinaunguza viganja.

Babu alikuwa amefariki. Mdogo wake akachukua shamba kubwa, akamwachia bibi kona tu: kijito upande huu, barabara upande ule, na uzio wa mianzi wa jirani. Pembe tatu. Kwetu ardhi ya mjane ilitambuliwa kwa miti. Mvua zikianza, wazee wanapita. Miche yako yote ikiwa imesimama, urefu wa ufito mmoja kati ya mche na mche, ardhi ni yako. Ukibaki na miche mkononi, ardhi inahesabiwa haitoshi, inarudi kwa ukoo.

Bibi alikuwa ameotesha miche thelathini na sita ya misindano, miti ya mbao, kama watu wote, maana watu wote walipanda mraba, mistari sita ya sita sita. Mraba haukuingia kwenye kona ile. Tulijaribu, mstari mzima ukaangukia kijitoni. Shemeji yake, yule mdogo wa babu, alisimama barabarani na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, akamuuliza:

“Shemeji, itakayobaki utaipanda kwenye chungu?”

Bibi alirudi jikoni, akamwaga maharage thelathini na sita kwenye ungo. Akapanga sita kwa sita, akavuruga. Akaweka moja, chini yake mawili, chini yake matatu. Mimi nilikuwa napuliza moto huku naogopa, maana kona ikienda nasi tunakwenda, na pa kwenda hatukuwa napo. Mstari wa nane ulipojaa, halikubaki hata harage moja. Bibi akacheka peke yake.

Kesho yake tulianza kupanda kwenye ncha ya kona, mche mmoja, kisha miwili, mpaka mstari wa minane. Wazee walipokuja pamoja na shemeji yake, bibi alifungua viganja.

“Niangalie mikono, shemeji. Iliyobaki iko wapi?”

Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji mtu alinuna kidogo, halafu akampa bibi kibuyu anywe.

Ukubwani nimejaribu namba nyingine. Ishirini na tano inakubali mraba, ukiipanga pembetatu inabakiza nne. Arobaini na tisa nayo inabakiza nne. Kumi na sita, moja. Mpaka kufika mia, ukiacha moja yenyewe, hakuna nyingine inayokubali yote mawili. Sababu siijui, na nimechoka kuitafuta.

Bibi hayupo, wale wazee hawapo. Kona ni yangu. Wajukuu wanasema niiuze, ni ndogo mno. Niliwapelekea salamu watoto wa yule shemeji, wako mijini, kuwauliza kama wanaitaka. Wakajibu niamue mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyenibishia.