Madoa ya Shingoni

Gosbert Mutayoba alikuwa mpiga picha, Mhaya aliyekuja Mwanza angali kijana na kufungua studio ya chumba kimoja karibu na soko, Nyamagana. Nilimfanyia kazi miaka minane. Nilifagia, nilichota maji ya kuoshea picha, na picha zenyewe nilizianika uani kwa vibanio, kama nguo. Mimi si mtu wa kuwasifu wanaume, na sababu ninazo. Lakini huyu nitamsema kwa wema, maana alistahili.

Kazi yake kubwa ilikuwa picha ndogo za vitambulisho. Mteja aliketi kwenye stuli, akaambiwa, "Inua kidevu, tulia, usimeze mate." Gosbert alisahau majina ya watu wote, hata langu siku nyingine, ila sura hakuisahau. Mtu angepita mlangoni miaka saba baada ya kupigwa picha, naye angesema, "Huyo ana kovu chini ya sikio la kushoto." Na kweli analo.

Jumapili alipanda baiskeli kwenda vijijini kuwapiga picha wasioweza kufika mjini. Mwaka wa pili baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, alirudi siku moja amekasirika, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

"Mama Getruda, kwenu Mwabulola wanataka kuwaua fisi maji wote."

"Mimi sina kwetu Mwabulola," nikamjibu.

Mwabulola, ufukweni, mbele ya Usagara, ndiko nilikoolewa. Mume wangu Ndalahwa alisimama barazani akasema nina jicho baya, ndama wake wanakufa kwa sababu yangu. Baraza halikuuliza ni ndama wangapi, wala waliugua nini. Nikatoka na sufuria mbili. Shamba nililolifyeka kwa mikono yangu akabaki nalo.

Sasa Ndalahwa huyo huyo alikuwa kiongozi wa wavuvi wa kijiji. Alikuwa ameuambia mkutano kwamba fisi maji wamezidi mia, wanachana nyavu za kijiji na kumaliza samaki. Wakakubaliana kutia dawa ya wadudu wa pamba ndani ya samaki na kuwatega nao kandokando ya maji. Dawa ilikwisha kufika ghalani.

"Ufuko wote huu nimeupita," Gosbert alisema, "na miaka mitano sijamwona fisi maji ila pale. Wakifa hao, hakuna wengine." Alikuwa amemwomba mwenyekiti wa kijiji, Mayala, ampe muda awahesabu. Mayala alikuwa amecheka: "Ndugu mpiga picha, utamhesabuje mnyama anayezama?" Lakini akampa majuma mawili.

Alikwenda na kamera yake, akarudi na picha sita za mawimbi. Nilipozianika nilimwonea huruma.

"Unawafuata wapi?" nikamuuliza.

"Popote wanapotokea."

"Mteja anakuja kwenye stuli, humfuati sokoni. Fisi maji wana jiwe lao. Hapo wanajikausha, na choo chao hapo hapo, kimejaa miba ya samaki. Nilifulia karibu na jiwe hilo nilipokuwa bibi harusi."

Nikampeleka. Asubuhi saba tulikaa kwenye matete, matako yameloa, mbu wakitufaidi. Jua lilipopanda kidogo, walitoka majini mmoja mmoja, wembamba, wanang'aa kama wamepakwa mafuta, wakasimama kwa miguu ya nyuma kutazama huku na huku. Ndipo nilipoona alichokuwa anakitaka. Shingoni wana madoa meupe, na hakuna wawili waliofanana.

"Inua kidevu," Gosbert alinong'ona. "Usimeze mate." Nikauma kanga nisicheke.

Filamu zilikuwa hazipatikani madukani siku zile. Alitumia mbili alizokuwa amezificha kwa ajili ya harusi za Desemba.

Siku ya mkutano tulifunga kamba kati ya nguzo mbili za ofisi ya kijiji, tukatundika picha. Watu walijaa. Ndalahwa alinipita bila salamu.

"Hawa ni kumi na mmoja," alisema Gosbert. "Nimekaa asubuhi saba na hakutoka mwingine. Mnaowaona asubuhi jiweni ndio mnaowaona jioni kwenye nyavu. Mnahesabu wale wale."

Ndalahwa akasogea, akatazama. "Fisi maji ni fisi maji. Umempiga mmoja mara kumi na moja ukaja kutuchezea!"

Wavuvi wakapiga makofi. Gosbert akazigeukia picha zake, akazitazama upya. Hakuwa amefikiri kwamba kuna mtu asiyeona anachokiona yeye.

Nyuma kabisa akainuka Shimba, mchungaji wa ng'ombe, mzee ambaye samaki hata hali. Akapita mbele ya kamba taratibu, mikono mgongoni, kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Mpiga picha, umekosea."

"Nimekosea wapi, mzee?"

"Huyu na yule ni mmoja. Pale amegeuza shingo tu. Na huyu umemtundika tena kule mwisho. Kumi na mmoja wako ni tisa." Akawageukia wachungaji wenzake. "Njooni. Huyu si kama yule dume wa Mayala, mwenye doa lililokatika?"

Wachungaji wakaja. Mtu anayemjua ng'ombe wake kati ya mia tatu kwa madoa hapati shida na shingo tisa. Wakaanza kuwapa majina ya ng'ombe, wakibishana na kucheka, wanawake nao wakaingia. Gosbert akaangua picha mbili zilizozidi, uso umejaa furaha ya mtu aliyekosolewa vizuri.

Mayala alisimama. "Ndalahwa, uliniambia mia."

"Walionekana mia, Mwenyekiti."

"Tisa hawamalizi ziwa. Dawa irudi kwenye pamba. Na nyavu zisitegwe karibu na jiwe lile."

Hakuna aliyeuliza habari ya wale ndama niliosingiziwa, wala sikutegemea. Nilikunja kamba yetu, nikala viazi kwa Shimba, na jua lilikuwa zuri.

Mwezi uliofuata Ndalahwa alifika studio. Gosbert alikuwa kwenye kibanda cha giza uani, mlango umefungwa, anasafisha picha. Ilimbidi azungumze na mimi.

"Mwambie bwana wako, yule wa doa lililokatika amechana wavu tena."

"Una hakika ni yeye?"

"Ni yeye! Wenzake hawana neno. Huyo mmoja ndiye mkorofi."

"Basi kaa kwenye stuli," nikamwambia, "umngoje Gosbert. Yeye husikiliza kila mtu mpaka mwisho."

Akakaa.