Mbuzi wa Mheshimiwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mmesoma kunipita. Mimi kusoma nilifundishwa darasa la ngumbaru pale kanisani, nikiwa tayari nina wajukuu, na mkono wangu wa kuandika ni mzito. Lakini kura nimepiga mara nyingi kuliko ninyi, na nimechoka kuisimulia habari hii kwa mdomo kila lori la kampeni linapopita. Wacha niiandike mara moja, anayetaka asome.

Kazi yangu ni makaa. Naishi Kakuma, upande wetu sisi wenyeji, karibu na laga, ule mto mkavu wa mchanga, na makaa yangu ni ya mathenge, ule mti wa miiba ambao mbuzi wakila maganda yake sana meno yanaoza. Nakata, nachoma, napeleka kambini kwa wakimbizi. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa Sudan Kusini anayekaanga mandazi nje ya kanisa lao. Ananiita haboba, ndivyo wao wanavyomwita bibi. Mwaka mmoja wa ukame mtoto wake alidhoofika sana, nami nikamkokotea mbuzi wa kukamua mpaka mlangoni kwake. Tangu hapo yeye ni rafiki yangu wa mbuzi.

Hapa lazima nieleze, maana hata watoto wetu wa mjini hawajui tena. Kwetu Turkana nikikupa mbuzi sijakulipa kitu wala sijakutupia sadaka. Tumeanza. Siku ya shida yako utakuja kwangu uombe, siku ya shida yangu nitakuja kwako, na hakuna wa kuona haya. Kuomba ndiyo namna yetu ya kusema bado tuko pamoja. Rafiki akinyamaza miaka mingi bila kuomba, hapo ndipo unajiuliza umemkosea nini.

Sasa, mwaka ule wa kampeni mjukuu wangu wa kike alikuwa darasa la mwisho kabla ya kwenda sekondari. Baba yake, mwanangu, yuko na mifugo upande wa Namoruputh na anarudi akipenda. Kwa hiyo karo ya msichana ilikuwa juu yangu na juu ya mkwe wangu, mama yake, na kwa makaa peke yake haingewezekana. Tulikuwa tunangojea basari, msaada wa karo wa serikali, na basari inapitia kwa mheshimiwa wa wadi. Kila mtu nyumbani alijua hivyo. Mngetarajia basi tusikilize kampeni kwa masikio ya watu wenye mtoto wa kusomeshwa.

Hatukusikiliza hivyo. Alikuja mwanaume wa kwetu anayegombea kiti hicho cha wadi, na nikisema wa kwetu namaanisha mifugo ya babu yake na ya baba yangu ilichomwa alama moja ya ukoo. Mimi nilishaamua kabla hajashuka kwenye lori. Alileta spika kubwa, sukari na tumbaku ya wazee. Akasema kule kambini watu wanalishwa na kujengewa, na sisi wenye ardhi kazi yetu ni kuwauzia kuni tu. Tukashangilia. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele, mimi ambaye sufuria yangu inachemka kwa sababu ya hao watu wa kambini. Halafu akaniita mbele, kwa kuwa mimi ndiye mwanamke mkubwa pale, akanitia kamba mkononi. Mbuzi jike mweupe, masikio meusi, mwenye afya.

“Mama, huyu ni wako,” akasema. “Unikumbuke.”

Nikachukua. Niliyarudia maneno yale njia nzima. Nyumbani kwangu kuna kura tano, na nikawaambia wenzangu wote kwamba mheshimiwa sasa ni rafiki yetu wa mbuzi, kwa hiyo karo msiwe na wasiwasi nayo.

Wiki iliyofuata akaja mpinzani wake, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo ya laga. Alikuja kwa bodaboda, ana daftari tu. Akauliza pampu ya maji imekufa tangu lini, na nani kati yetu ana mtoto anayeingia sekondari. Akasema akichaguliwa majina ya watakaopata basari yatabandikwa kwenye mlango wa chifu, kila mtu ayaone, na wale wasiopata waambiwe kwa nini. Mimi nikamrushia maneno kutoka nyuma: “Mwalimu, umetuletea mtihani na hata sukari hukubeba?” Watu walicheka mpaka akafunga daftari lake. Mtoto wa kuingia sekondari nilikuwa naye, na mkono sikuunyoosha.

Nilipopeleka makaa kambini nilimkuta rafiki yangu wa mandazi penye jiko lake. Siku ya lori alikuwa ng'ambo ya barabara na beseni lake, alikuwa ameona na kusikia. Alipima makaa, akalipa, akanimiminia chai kama siku zote. Mwisho ndipo akasema, “Haboba, mimi hakuna anayeniomba kura, kwa hiyo huwa nasikiliza mpaka mwisho. Yule mtu wenu habari ya shule hakuitaja hata mara moja.”

Nikamwambia yeye ni mgeni, siasa zetu hazijui. Akageuza mandazi.

Tukapiga kura, zote tano, na mtu wetu akapita. Msichana naye akafanya mtihani, akaitwa shule ya bweni ya wasichana huko Lodwar. Barua ilisema afike kabla ya Ijumaa fulani, la sivyo nafasi apewe mwingine. Chifu akanijazia fomu ya basari, akaniambia imebaki muhuri wa mheshimiwa na ofisi iko Lodwar. Nilivaa lesso yangu nzuri. Sikubeba wasiwasi wowote, nawaambia kweli. Nilikuwa naenda kwa rafiki.

Nilikaa nje ya ile ofisi siku mbili. Benchi ni moja na kivuli cha ukuta kinahama, nasi tunahama nacho. Kulikuwa na wazee kutoka pembe nyingine za wadi yetu, na mama mmoja aliyebeba picha za hospitali za mumewe. Tulipoanza kuongea nikagundua kwamba sisi wote pale tulipewa kitu. Huyu mbuzi, yule blanketi, yule bati. Na kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Siku ya pili mheshimiwa alitoka. Akatushika mkono mmoja mmoja, “Ejok, ejok,” akaingia garini. Mkono wangu aliushika kama anavyoshika wa wengine, macho yake yako kwa dereva. Nikamfuata msaidizi wake, mwanaume mzima wa kwetu, anaongea Kiturkana safi. Nikamweleza habari ya Ijumaa. Akasema fomu ni nyingi, niache yangu pale, wataita. Nikamwambia ampigie mkubwa wake simu, amwambie ni mama wa Kakuma, rafiki yake wa mbuzi.

Alicheka, na sikuona ubaya katika kicheko chake, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alicheka kama mtu anayemsaidia mzee kuelewa.

“Mama, si ulishapewa mbuzi wako? Hiyo ilikwisha siku ya kura.”

Nilirudi kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimehesabu ile kamba kama mwanzo. Wao waliihesabu kama mwisho. Na hawakunidanganya, mkitazama vizuri. Alisema nimkumbuke yeye. Kwamba yeye atanikumbuka mimi, hilo nililiongeza mwenyewe njiani nikirudi nyumbani.

Fomu niliiacha, na Ijumaa ikapita.

Msichana hakulia. Jumatatu alichukua panga akanifuata kukata mathenge. Mkwe wangu alinisumbua niuze yule mbuzi mweupe, lakini mbuzi mmoja angefikisha nini? Tena nilikuwa bado na ujinga wa kutoweza kuuza mbuzi wa rafiki. Tulifanya hivyo wiki tatu, vidole vya mtoto vimejaa miiba.

Siku moja alinisaidia kubeba gunia mpaka kambini. Mama wa mandazi alimtazama, akaniuliza mbona mtoto amebeba gunia saa ya shule. Nikamweleza, kwa ufupi, nikitazama chini. Akafunika unga wake, akamwambia jirani aangalie jiko, akamshika msichana mkono. Tulienda mpaka shule ya kutwa ya kambini, pale anaposoma binti yake. Mwalimu mkuu, ambaye anaongea Kiswahili cha Kongo, hakuuliza alama ya mifugo wala kadi ya kura. Alisoma karatasi ya matokeo, akauliza kama anaweza kuanza kesho. Sare tulipewa na mama wa mandazi, ya binti yake mkubwa, akaipunguza kiunoni kwa mkono wake.

Njiani kurudi nikamwambia, “Siku ile ya lori mimi nilipiga vigelegele.”

“Nilikusikia,” akasema. “Una sauti kubwa, haboba.” Kisha akaniuliza kesho nitaleta magunia mangapi.

Hayo yamepita, na msichana sasa yuko mwaka wa mwisho pale. Sio ile shule aliyoitwa, na mimi sitawaambia kwamba ni sawa, kwa sababu yeye hajaniambia ni sawa. Pampu bado imekufa. Yule mbuzi mweupe amezaa, na mtoto wake amezaa, sasa wako wanne, na ndio wanaotupa maziwa ya chai.

Na malori yamerudi barabarani. Mheshimiwa ametuma mtu kusema Jumamosi atapita kwangu, tumwandalie. Mwalimu naye anakuja tena, na watu wameanza kunoa maneno ya kumcheka. Mwanangu amerudi kutoka kwa mifugo na tayari anataka kuchinja mmoja wa wale wanne, eti mtu wetu asipokewe na mikono mitupu. Jana jioni niliwakusanya wote mbele ya nyumba nikawaambia hivi:

“Huyo mbuzi na uzao wake wote wafungwe kamba moja, wakae mlangoni. Mheshimiwa akishuka garini apewe hiyo kamba mkononi mbele ya watu. Msimtukane, msalimieni. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayepokea sukari, ya kwake wala ya mwingine. Msichana atakaa mbele na daftari, aandike kila mmoja wao anachosema kuhusu maji na shule, na mwalimu akiuliza nani ana mtoto, mtanyoosha mikono. Na kuanzia Jumamosi chai hapa ni strungi, bila maziwa. Nisisikie mtu ananung'unika.”